Vijiko Vyangu Vilivyokwenda Ziwani

Boksi lilifika Alhamisi alasiri, mwanzoni mwa Septemba, na Ijumaa asubuhi kabati la mama yangu lilikuwa limeshaharibika. Naanza na kabati kwa sababu ndilo lililonitoa machozi. Mama alilinunulia mbao nyekundu za Kongo, fundi wa hapa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, akalipiga vanishi mara tatu, na siku nilipoolewa lilitangulia mbele yangu juu ya mkokoteni, vitenge vimekunjwa ndani yake. Kwa miaka tisa juu yake kulikaa redio ya mama mkwe, na baadaye picha ya mapacha wetu, basi.

Boksi lilitoka Texas, kwa shemeji yangu, mtoto wa baba mdogo wa mume wangu. Wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakaingia Tanzania, yeye akazaliwa kambini, na mwaka 2007 akawa miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa 1972 waliochukuliwa kwenda Marekani. Hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika kwa macho yake. Lakini damu ya uvuvi haikupotea njiani: kila Jumamosi huenda kwenye mabwawa ya huko kumvua samaki wanayemwita besi, na alipopata msafiri wa kuja Bujumbura alitukusanyia kila alichoona kinafaa. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Mafuta yalipoadimika mjini kwetu, magari yalilala na mafundi wakalala nayo, na mume wangu ni fundi wa magari. Shemeji alisema kwenye simu, "Kaka, kama gereji imelala, ziwa halijalala."

Tulilifungua juu ya kabati kwa sababu mezani kulikuwa na chakula. Ndani mlikuwa na fimbo ya vipande viwili na kizungushio cha mshipi, ndoana zenye shingo iliyopinda, risasi kumi na mbili ndogo za kuzamishia mshipi, zilizochongoka kama kokwa ya tende, na mifuko. Mifuko mingi! Nyungunyungu wa plastiki, kila mmoja urefu wa kiganja, wengine rangi ya ganda la tikiti, wengine rangi ya boga bichi, wengine zambarau yenye chembe za kumetameta. Vyura wenye miguu inayotikisika. Samaki wadogo weupe wenye mkia bapa. Na mdudu mmoja mwekundu ambaye sote tulimtazama kwa muda mrefu, magando kama ya kaa, mkia kama wa kamba. Vyote laini, vinateleza, vinanuka kitunguu saumu.

Mama mkwe alimwinua chura mmoja kwa vidole viwili. "Huko Marekani wanakula hivi?"

"Hapana, mama. Wanawadanganyia samaki."

"Na samaki anadanganyika?"

Swali hilo lilikaa nyumbani kwetu mwezi mzima.

Huyo besi ni samaki wa Amerika ya Kaskazini, wa kijani, mwenye mdomo mkubwa unaofunguka hadi nyuma ya jicho. Katika Afrika Mashariki yuko Kenya: aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe, na yupo hadi leo. Kwetu hayupo, na namwomba Mungu asiletwe, maana tumeona sangara alivyolibadilisha Ziwa Victoria baada ya kupandikizwa miaka ya 1950. Tanganyika ina wake. Mukeke, sangala na ndugu zao wawili ni samaki wa ukoo mmoja na sangara wa Naili, aina nne, na hazipatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Ukimtazama sangala mdomoni, na jinsi anavyovizia kwenye miamba kisha akaruka mara moja, utaelewa kwa nini shemeji alidhani chambo cha besi kitamfaa.

Usiku ule mume wangu hakulala mapema. Aliimwaga mifuko yote juu ya kabati akapanga chambo kwa rangi, wekundu na wekundu, weupe na weupe, kama anavyopanga spana zake. Kisha akavifunika kwa gazeti ili vumbi lisiingie, akaja kulala akiwa na furaha kama mtoto wa sikukuu.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamefuata harufu ya saumu kutoka mlangoni hadi kabatini. Niliinua gazeti, na gazeti likakataa kuinuka. Nilipolivuta lilikuja na vanishi. Chini ya kila nyungunyungu palikuwa na nyungunyungu mwingine aliyechorwa kwenye mbao, rangi imelika, mbao imebaki tupu na inanata. Mwekundu alikuwa amewatia rangi weupe waliolala karibu naye. Vyura wawili wa mifuko tofauti walikuwa wameyeyukiana wakawa chura mmoja mwenye vichwa viwili. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Sikujua kwamba kitu kisicho na moto kinaweza kuunguza.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na naiandika ili nyumba nyingine isipate hasara hii. Chambo hivyo ni unga wa plastiki uliochanganywa na mafuta ya kuulainisha, ukachemshwa hadi nyuzi 170 hivi, ukamiminwa kwenye kalibu. Ukipoa, mafuta hayakauki ndani yake. Yanabaki, na yanatembea. Yakikutana na vanishi huilainisha. Yakikutana na plastiki ngumu za aina fulani huzila. Ndiyo maana hata bakuli ambalo mapacha walikuwa wamewekea "samaki" wao wa kuchezea duka lilijikunja kama jani. Chambo laini vikae kwenye mifuko vilivyokuja nayo, kila aina peke yake. Wenye kuviuza wanajua. Mfuko ule ni sehemu ya chambo.

Jambo baya zaidi lilikuwa la mapacha wenyewe. Butoyi, mwenye miaka minne, alikuwa amekwisha kung'ata mkia wa samaki mweupe, kwa kuwa ulinukia kama chakula. Bibi yake aliutoa kwa kidole. Halafu tukahesabu risasi: kumi na moja. Risasi ni sumu kwa mtoto hata isipomkaba. Tuliinua godoro, tukakung'uta mikeka, tukamfungua Bukuru mdomo, tukamfungua Butoyi mdomo. Saa tatu za usiku mama mkwe alivaa kiatu chake kwenda kumwomba jirani gari la kwenda hospitali, akapiga kelele. Risasi ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya kiatu. Tangu usiku huo vitu vyote vya boksi vilining'inizwa kwenye msumari juu ya mlango, na nilitaka vibaki hapo milele.

Lakini mtu aliyekaa bila kazi huku nyumba inataka chakula humwambii aache. Mume wangu akampigia shemeji simu kuomba mafunzo.

"Tafuta majani ndani ya maji," shemeji akamwambia. "Besi anakaa majanini. Chukua nyungunyungu, pitisha ndoana kichwani, igeuze, ncha yake ifiche ndani ya mwili ili isinase. Risasi itangulie mbele. Rusha katikati ya majani, vuta polepole."

Ufundi wenyewe ni mzuri, nao unaitwa kwa jina la huko huko Texas. Samaki akiuma kitu kigumu hukitema mara moja. Akiuma kilaini hukishikilia kidogo, na kidogo hicho ndicho mvuvi anachokihitaji. Shida ni majani. Hapa Bujumbura majani ndani ya maji maana yake ni mdomo wa Rusizi, na mwenye matete yale ni kiboko. Tena ni makao ya mamba, na alikuwamo yule aliyepewa jina la Gustave, ambaye habari zake zilienea dunia nzima. Baba yangu, mvuvi aliyevua mukeke kwa taa tangu ujana wake, aliposikia mkwewe anataka kwenda kurusha mshipi kwenye matete alikuja nyumbani kwa miguu.

"Mkwe wangu," alisema, hata hajaketi, "ushauri wa Texas uko sawa kwa Texas. Binti yangu sitaki awe mjane."

Wakaenda kusini badala yake, wakapita jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley, hadi Gitaza, mahali ambapo mlima unaingia ziwani bila kuaga. Huko maji hayana tope la Rusizi. Unaona mawe ya chini, kisha ghafla huoni kitu, kwa sababu hapo ziwa letu halina ukingo wa kuteremka taratibu. Lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, na linaanza kuzama mapema. Mume wangu alichagua yule mdudu mwekundu wa magando. Alimchagua kwa kuwa ndiye aliyependeza kuliko wote. Jumamosi ya kwanza hakupata kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu alirudi na jua usoni na mkono mtupu, na mama mkwe akauliza tena kama samaki anadanganyika.

Nikiwa mkweli, mimi ndiye niliyekosea kwa kukaa kimya wiki hizo tatu, maana jibu nilikuwa nalo jikoni. Nilinyamaza kwa hasira ya kabati.

Hasara ya pili ikaja kutokana na kukata tamaa. Mume wangu alikuwa amesikia kwa shemeji habari ya Nick Creme, fundi wa Akron, Ohio, ambaye mwaka 1949 alipika nyungunyungu wa plastiki wa kwanza nyumbani kwake, akawauza hadi akawa na kiwanda. Kama yeye aliweza jikoni, kwa nini Buyenzi isiweze? Aliwakusanya nyungunyungu na vyura wote walioharibika, wale waliounganika na wale walionyonya rangi, akawatia kwenye sufuria yangu ya isombe, yaani kisamvu, akaiweka kwenye mbabula yenye makaa mekundu. Alitaka kuwamimina upya kwenye kalibu ya udongo aliyoichonga mwenyewe kwa umbo la ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wazo hilo la ndagala lilikuwa zuri sana. Tutalirudia.

Plastiki hiyo haitaki makaa. Ikipita joto lake huungua, na moshi wake una tindikali inayokata koo. Kwanza iligeuka kahawia, kisha ikatoa povu, kisha nyumba ikajaa wingu jeupe linalochoma macho. Mama mkwe alitoka mbio na pacha mmoja kila mkono. Majirani wa avenyu nzima walikuja na ndoo, na kijana mmoja, Mungu ambariki, akamwaga maji ndani ya sufuria, ikaruka kama mafuta ya maandazi na kubandika ukutani. Hakuna aliyeungua. Tulilala nje ya nyumba hadi usiku wa manane, madirisha wazi, tukikohoa. Sufuria ya isombe ilikufa hapo. Nasema hivi kwa kila fundi anayependa kujaribu: kazi hiyo ni ya mahali penye hewa, kipimajoto na kinyago, mbali na watoto na mbali na chakula. Si ya jikoni.

Siku iliyofuata mume wangu alikaa kibarazani kimya. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi. Nilikuwa nimenunua mukeke watatu kwa wachuuzi, nikaketi karibu naye na kisu na beseni, nikaanza kuwapasua.

"Baba Bukuru, tazama hapa."

Tumbo la mukeke wa kwanza lilikuwa limejaa ndagala, wengine bado wazima, wanang'aa. Nikawapanga kwenye sinia mmoja mmoja: kumi na saba. Wa pili alikuwa na tisa, na juu yao uji wa kamba wadogo sana wa ziwani. Wa tatu, kumi na wawili. Nikaweka kidole changu cha kati kando yao. Walikuwa sawa nacho kwa urefu. Wote weupe wa fedha, mgongo wenye kivuli cha buluu.

"Nyungunyungu yuko wapi?" nikamuuliza. "Chura yuko wapi? Mdudu mwekundu yuko wapi?"

Alitazama sinia kwa muda mrefu. Mimi nimepasua samaki tangu nikiwa na miaka saba, na kila tumbo ni barua inayosema nani alikula nini na lini. Besi wa Texas ana barua yake: huko wadudu wa magando wamejaa mabwawani, vyura wamejaa, kwa hiyo mwekundu wa magando ni chakula cha kila siku. Hapa sangala hajawahi kumwona. Tena rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini. Ukishuka mita chache tu, mwekundu anakuwa mweusi kama jiwe. Kwenye maji safi ya Gitaza chambo kinatakiwa kiwe kama kitu cha kweli, kidogo, cheupe, kinachomulika. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo bila duka lolote: mshipi wenye ndoana nyingi, kila ndoana imefungwa unyoya mweupe wa kuku, unapandishwa na kushushwa chini ya taa katika usiku wa giza, ndagala wakiwa wamekusanyika. Usiku wa mbalamwezi alilala nyumbani, kwani taa haina nguvu mbele ya mwezi.

Mume wangu aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kijiko. Kilikuwa kimoja cha vijiko vyangu kumi na viwili vya harusi.

"Mama Bukuru," akasema kwa adabu kubwa, "naomba."

Sikujua wakati ule kwamba Mmarekani mmoja wa Vermont, Julio Buel, alipata hati ya ubunifu wa chambo cha kijiko mwaka 1852, na kwamba husimuliwa kijiko chake kilidondoka ziwani akila, samaki akakifuata. Wala sikujua kwamba Lauri Rapala wa Finland, mwaka 1936, alichonga samaki wake wa kwanza kwa gome la mti na kumvika karatasi ya kung'aa ya chokoleti. Chambo bora vya dunia vimetoka mezani na jikoni. Nilichojua ni kwamba kijiko kile kikigeuka juani kilimulika sawasawa na ndagala wa kwenye sinia. Nikampa.

Gereji iliyolala iliamka siku hiyo. Alikata mpini, akatoboa tundu mbele na nyuma, akakisugua kwa mchanga laini hadi ukajiona ndani yake, akakifunga ndoana moja. Kijiko kikizama hakinyooki. Kinayumba huku na huku kama ndagala aliyejeruhiwa, na samaki huhisi mtikisiko huo kwa ule mstari wa ubavuni hata kabla hajaona.

Jumamosi ya nne tulikwenda pamoja, mimi, yeye na baba. Tulifika Gitaza kabla ya mapambazuko. Alianza na samaki mweupe laini, yule mdogo kuliko wote, kwa heshima ya shemeji. Kitu kilivuta mara moja, kwa nguvu, kisha mshipi ukalegea. Alipouvuta nje, chambo kilikuwa hakina mkia. Plastiki laini ndivyo ilivyo: humvuta samaki vizuri, na huraruka vizuri vilevile.

Akafunga kijiko. Akakirusha pale pale, akakiacha kizame huku baba akihesabu kwa sauti, moja hadi kumi na tano, kisha akazungusha. Fimbo ikapinda hadi nikaogopa itakatika. Baba hakusema neno. Alishuka hadi magotini majini, jambo ambalo sikumwona akilifanya tangu magoti yalipoanza kumuuma, akamshika samaki chini ya mashavu. Sangala, kilo nne na zaidi kidogo kwenye mizani ya muuza mihogo wa njiani.

Nilimpasua nyumbani, mbele ya mama mkwe na mapacha. Tumboni mlikuwa na ndagala wanane. Na katikati yao, mweupe, mzima, bila hata alama ya kuyeyuka, ulikuwapo ule mkia wa plastiki aliounyofoa mapema asubuhi ile ile. Kumbe alidanganyika mara mbili. Mama mkwe aliushika mkia kwa vidole viwili kama alivyomshika chura siku ya kwanza, akasema, "Huyu tumempata. Angetuponyoka, angekaa na hiki tumboni hadi lini?"

Hakuna aliyemjibu. Plastiki ile haiozi wala haisagiki tumboni mwa samaki. Mukeke wanapungua, bei yao kila mwaka inawapita watu wa kawaida, maji yaliyopanda yamekula fukwe tulizochezea utotoni. Sitaki ziwa hili lipokee pia mikia ya plastiki kutoka nyumbani kwangu. Mume wangu alikubali siku hiyo hiyo, na mifuko iliyobaki bado inaning'inia juu ya mlango.

Tulimtumia shemeji picha mbili. Moja ya sangala, na moja ya sinia lenye ndagala, kidole changu kando yao. Alijibu kwamba ameitazama ile ya sinia zaidi. Ninyi wenye ndugu Ulaya na Marekani wanaotaka kuwatumia vitu vya kuvulia, watumieni kwanza picha kama hiyo, kisha waombeni ndoana nzuri na mshipi imara, ambavyo hapa ni adimu. Chambo tunacho.

Kabati limepigwa vanishi upya, lakini ukiliinamia juani bado unawaona nyungunyungu. Vijiko vya harusi vimebaki saba.